Mtoto Alikuwa Amelala

Ushuhuda wa Nerima ulikuwa na kiboko ndani yake. Wengine kanisani walikuwa na ushuhuda wa pombe, wa mapepo, wa uvimbe ulioyeyuka baada ya maombi ya kufunga, na fundi mmoja alikuwa na ushuhuda wa pikipiki iliyoibwa ikarudishwa na mafuta mengi kuliko yale iliyoondoka nayo. Lakini kiboko alikuwa naye Nerima peke yake. Akisimama Jumapili na kusema "Bwana asifiwe," watoto wa viti vya nyuma walianza kunong'onezana, "Huyo ndiye mama wa kiboko," na wazee wakajiweka sawa wasikie vizuri, ingawa walikuwa wameshausikia.

Ulikuwa hivi. Nerima aliolewa na Masinde, kijana wa Bungoma aliyefanya kazi kwenye shamba la maua, wakapanga chumba Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Masinde akapata mwanamke mwingine hukohuko kwenye maua. Siku aliyohama hakubeba nguo zake tu. Alibeba godoro, jiko, na sufuria yenye mfuniko, akamwachia Nerima ile isiyo na mfuniko. Nerima alilala kwenye magunia, akakosa kodi, akakosa unga, akakosa hata mtu wa kumwambia pole. Asubuhi moja, jua halijachomoza, ukungu bado umelala juu ya nyasi, akatoka akashika njia ya ziwani. Hakubeba ndoo. Hakuwa na nia ya kurudi.

Katikati ya njia akamkuta kiboko. Alikuwa ametoka kulisha, sasa anarudi majini, amejaa njia nzima, mgongo wake unatoa mvuke. Kiboko akasimama. Nerima akasimama. Kisha Nerima, aliyekuwa anakwenda kufa, akageuka akatimua mbio ili asife. Alikimbia mpaka kwenye seng'enge ya shamba la maua, akaishika kwa mikono yote miwili, akahema, na kicheko kikamtoka ambacho hakujua kilikuwa kimejificha wapi.

"Mungu," alisema, "kumbe bado naogopa."

Hapo kwenye seng'enge ndipo alipookoka. Hakukuwa na mhubiri wala kinanda. Kanisa alilitafuta baadaye, aliporudi Nakuru alikozaliwa.

Hadithi hiyo ilichekesha na kuliza kwa wakati mmoja, na Nerima aliijua thamani yake kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Babu yake alitupa makaa kwenye tanuri la treni, baba yake akazeekea kwenye kiwanda cha mablanketi, na ile nyumba waliyokulia ilikuwa ya shirika la reli. Shule hakuingia hata siku moja. Alikuwa kifungua mimba, na wadogo zake walihitaji mgongo wa kubebwa. Hakuwa na cheti, hakuwa na ploti, hakuwa na mume. Alikuwa na ushuhuda. Na ushuhuda, kama wanavyojua waliookoka, ni kama jino la mtu. Liwe zima, liwe limeoza, humwazimi jirani akatafunie nyama.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulitaja kanisani hata mara moja. Asubuhi ile hakuwa peke yake. Mgongoni, ndani ya leso, alikuwa amembeba bintiye Nanyama, ambaye hakuwa amefikisha mwaka. Kila aliposimama kushuhudia alimfungua mtoto mgongoni na kumwacha nje ya hadithi. Nanyama alikuwa akikua, anakaa palepale kanisani na soksi zake nyeupe, na ni mtoto gani anayehitaji kujua mama yake alikuwa akimpeleka wapi asubuhi ile? Mungu anajua, Nerima alijiambia. Mungu anatosha.

Mungu na Chemutai.

Chemutai alikuwa jirani yake katika mtaa wa Rhonda, hapo Nakuru, mlango kwa mlango, Msabaoti wa Mlima Elgon aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na ambaye sauti yake ilifanya hata tangazo la harusi lisikike kama unabii. Siku moja wakichambua managu uani, Nerima alimwambia habari ya mgongoni. Hakujua kwa nini. Labda ni vile mikono ikiwa na kazi mdomo hujifungua. Chemutai alilia mpaka machozi yakadondokea mboga.

"Mama Nanyama, hiyo imeishia hapa," alisema. "Naapa mbele za Mungu."

Nerima akaziosha zile managu, wakazila, naye akalala usingizi mzuri.

Baadaye kanisa moja kubwa la mjini, lenye ibada ya Kiswahili na ibada ya Kiingereza, likasikia habari za mama wa kiboko. Wakamwita ashuhudie kwenye ile ya Kiingereza, wanakoketi madaktari, wanasheria na wageni wa kutoka ng'ambo. Nerima hakujua Kiingereza zaidi ya kusalimia. Ikabidi atafutiwe mkalimani, na mkalimani akawa Chemutai.

Mkalimani wa kanisani si mtu wa kutafsiri maneno tu. Ukiinua mkono, naye anainua. Ukipiga hatua, anapiga. Ukipaza sauti anapaza, ukilia analia, tena kwa kilio chako. Chemutai aliijua kazi hiyo kuliko wote. Nerima alipofika mahali pa kukimbia kiboko, Chemutai alikimbia pia, kwa viatu vya kuazima, akashika seng'enge isiyokuwepo, akahema. Na kila Chemutai alipomaliza sentensi, Nerima alitikisa kichwa kukubali, akasema "Amen." Aliona ndiyo adabu. Mtu anakubebea maneno yako, unakaaje kimya?

Jambo moja lilimshangaza. Watu hawakulia yeye aliposema. Walilia Chemutai aliposema. Na mara nyingine yeye alisema maneno machache, Chemutai akaondoka nayo, akaenda mbali, akachelewa kurudi. Kiingereza ni lugha ndefu, Nerima alijiambia. Baada ya ibada waumini walijipanga foleni kumkumbatia Chemutai, halafu wakampa Nerima mkono, kama mtu anayemsalimia dereva.

Nanyama siku hizo alikuwa darasa la nane. Aliketi safu ya mbele. Jumapili ya kwanza ya Kiingereza walirudi nyumbani, Nerima akapika chapati kwa furaha, na mtoto hakugusa.

"Una nini?"

"Tumbo."

Akamchemshia tangawizi. Tumbo likapita, lakini tangu siku hiyo Nanyama akawa mtu wa maneno ya kuhesabika. Nerima alidhani ni usichana.

Makanisa mengine yakawaalika, Gilgil, Naivasha, Njoro, kisha taratibu yakaanza kumwalika Chemutai peke yake. Nerima hakuona ubaya. Chemutai alikuwa na karama, kila mtu alisema hivyo. Akahama Rhonda, akawa Mtumishi Chemutai, akafungua huduma yake kwenye hema huko Kiamunyi. Nanyama alipomaliza sekondari akaenda kuimba huko, na akahamia kwa Chemutai kabisa kwa sababu ya mazoezi. Nerima alishukuru. Alisema hadharani, mbele ya kanisa, kwamba binti yake yuko kwenye mikono salama.

Karo ya Nanyama ilikuwa imetoka jikoni kwa Reena. Reena alikuwa Mhindu, mumewe ana duka la vitambaa mjini, na Nerima alimfulia na kumsaidia jikoni miaka mingi, akimwita Mama Prachi kwa jina la bintiye. Juzi juzi, siku ya Jumatano, wakisukuma chapati, simu ya Nerima ikalia. Nanyama alikuwa ametuma video.

"Mama Prachi, nifungulie. Mtoto ametuma akiimba."

Reena akapangusa unga, akaiegemeza simu kwenye mkebe wa sukari. Nanyama alikuwa anaimba, amevaa gauni jeupe, na Nerima akamsifu mpaka chapati moja ikaungua. Video haikuishia hapo. Chemutai akatokea, amevaa suti ya zambarau, akaanza kuongea Kiingereza, na Nerima akaona mikono. Aliitambua ile mikono kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa imeshika seng'enge.

"Anasema nini?"

"Anasema yeye alikuwa naishi Kamere," Reena akasema. "Bwana yake alikimbia na mwanamke ingine. Akabeba godoro. Akaacha sufuria bila mfuniko." Akacheka kidogo. "Nerima, huyu pia iko na kiboko? Kama ile yako?"

Nerima hakucheka. "Endelea."

"Anasema mtoto yake alikuwa mgongoni."

Nerima alishika ukingo wa meza.

"Mtoto akalia. Mama akasikia ile kilio, moyo yake ikavunjika, akarudi. Anasema si kiboko ilimrudisha, ni mtoto. Na sasa anaita huyo mtoto, ati mumuone amekua." Reena akaisogelea simu. Kwenye simu Nanyama alikuwa amepanda mbele, Chemutai amemkumbatia, hema zima linapiga kelele. "Lakini huyu si Nanyama yako?"

"Ni wangu."

"Sasa kwa nini anaita huyu mwingine mama?"

Nerima akageuza chapati. Ilikuwa imeshakuwa makaa.

Jumamosi alikwenda Kiamunyi. Hakuvaa nguo za kanisani; alivaa zile za kazi, kwa makusudi. Mlangoni mwa hema kijana wa kupokea wageni alimkimbilia.

"Karibu mathe! Una ushuhuda? Wenye ushuhuda wanakaa upande huu."

"Nilikuwa nao," Nerima akasema, akampita.

Chemutai alikuwa nyuma ya hema kwenye kiti cha plastiki, anapakwa poda. Alipomwona alisimama na mikono wazi.

"Mama Nanyama! Bwana asifiwe! Si ungesema unakuja nikutumie gari?"

"Sikuja kubebwa. Nimekuja kuchukua kiboko wangu."

Chemutai akawaangalia vijana waliokuwa wakifunga nyaya za spika. Akamfukuza msichana wa poda kwa jicho. "Tuongee polepole, dada yangu."

"Nilikupa mboga na siri siku moja. Umekula zote mbili."

"Nerima, ushuhuda si mali ya mtu. Ni wa Yesu. Ukishautoa umeutoa."

"Basi toa wako."

Chemutai akakaa. Kwa muda alionekana kama yule jirani wa Rhonda aliyekuwa akiazima chumvi.

"Wangu?" alisema. "Unataka kuusikia? Nilizaliwa na watu waliookoka. Nikaokoka nikiwa mtoto, kwenye Shule ya Jumapili, baada ya kugawiwa biskuti. Basi. Nani atatoka nyumbani kwake kuja kusikiliza hiyo? Miaka yote nimesimama kando yako nikilia machozi yako, nikikimbia mbio zako, mpaka nikawa naota yule kiboko usiku. Nikiamka moyo unanidunda. Wewe uliongea, sikatai. Lakini sema ukweli, ni nani aliyewaliza?"

"Na mtoto, je? Naye ulimwota?"

"Muulize mwenyewe. Mimi sikumfunga kamba."

Alimkuta Nanyama upande wa pili, karibu na matangi ya maji, na gauni lile jeupe, anaifanyia sauti yake mazoezi. Msichana akaacha kuimba. Hakushtuka, na hilo lilimuuma Nerima kuliko kama angeshtuka.

"Nani alikuambia habari ya mgongoni?" Nerima akauliza.

"Wewe."

"Mimi? Sijawahi kufungua mdomo…"

"Mama, nilikuwa safu ya mbele." Nanyama aliongea taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokisoma mara nyingi. "Wewe ulikuwa unasema kwa Kiswahili ulienda ziwani. Yeye akasema kwa Kiingereza ulienda ziwani na mtoto wako mgongoni. Nikakuangalia. Ulitikisa kichwa, ukasema amen."

Nerima alijiona pale jukwaani, kitambaa kimefungwa vizuri, anatikisa kichwa. Jumapili baada ya Jumapili. Amen. Amen. Na karo ya Kiingereza kile amelipa yeye, kwa mikono iliyobabuka kwa sabuni.

"Sikuelewa anachosema," alisema. "Nilikuwa natikisa kichwa kwa sababu sielewi."

"Najua. Sasa najua. Wakati ule nilikuwa mtoto. Nilifikiri mama yangu anawaambia madaktari kitu ambacho hawezi kuniambia mimi, tena anasema amen."

"Ungeniuliza!"

"Ungenijibu nini?"

Ndani ya hema wakaanza pambio la kuwaita watu. Nanyama akaukunja mkono wa gauni lake, akaukunjua. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imepungua, ikawa ya yule wa soksi nyeupe.

"Kwenye ushuhuda wa Mtumishi, mimi nililia. Mama akasikia, akageuka. Nilitaka nikuulize hiyo tu, miaka yote. Nililia?"

Nerima alijua mara moja kwamba neno moja lingetosha. Angesema ndiyo, na binti yake angeshika mkono wake wangeondoka pamoja, wapande pikipiki mpaka Rhonda, wapike ugali. Hakuna mtu duniani angejua. Kiboko asingesema. Alilisikia lile neno limekaa kwenye ulimi, laini, tayari. Halafu akasikia nyuma yake Chemutai akipima kipaza sauti, "moja, mbili, moja, mbili," na akaona kwamba akilisema, yeye na Chemutai watakuwa wamegawana ule ushuhuda nusu kwa nusu.

"Ulikuwa umelala," alisema.

"Hata kidogo?"

"Ulikuwa umelala fofofo. Sikurudi kwa sababu yako, mwanangu. Nilimwogopa kiboko, nikakimbia. Nilipofika kwenye seng'enge nilikushusha, ndipo ukafungua macho ukatafuta titi. Nikakunyonyesha hapohapo, kwenye umande. Hapo ndipo nilipomwambia Mungu sirudi tena kule. Hiyo ya titi sijamwambia mtu. Hata yeye."

Nanyama alimtazama. Alikuwa na macho ya Masinde, yale ya kupima mlango uko umbali gani. Spika ikaita jina lake, mara ya kwanza, mara ya pili, na watu wakapiga makofi.

"Huko ndani nililia," alisema. "Wacha niende mahali nililia."

Akaenda.

Nerima alisimama nje, ambapo turubai ilikuwa na mpasuko, akasikiliza mpaka mwisho. Chemutai aliongea vizuri, huwezi kumnyima hilo. Godoro lilibebwa, sufuria ikabaki bila mfuniko, ukungu ukalala juu ya nyasi. Kiboko alisimama. Kisha mtoto akalia, kwa sauti ya Nanyama mwenyewe, ndani ya kipaza sauti, "Mama! Mama!" na hema zima likavunjika kwa machozi. Mwanamke aliyekaa karibu na ule mpasuko alimpitishia Nerima kitambaa bila kumtazama, akidhani naye analia kwa sababu ile.

Jumapili iliyofuata, Rhonda, kwenye lile kanisa la mabati, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Nerima akasimama. Watoto wa nyuma wakanong'onezana, wazee wakajiweka sawa.

"Bwana asifiwe. Nimeokoka, na Yesu ni mwokozi wangu," alianza, kama inavyotakiwa. Kisha akaenda Kamere, akaenda kwenye magunia, akashika njia ya ziwani, na safari hii hakumfungua mtoto mgongoni. Alimbeba mbele ya watu wote. Vicheko vilivyokuwa vikisubiri kiboko havikutoka.

Mama mmoja mgeni, aliyekuja kumtembelea dada yake, akashindwa kujizuia. "Samahani mama, hiyo si ya Mtumishi Chemutai? Nimeiona kwa simu, hivyo hivyo."

Kanisa likageuka, nusu kumtazama mgeni, nusu kumtazama Nerima. Mtu akaguna.

"Yake mtoto alilia," Nerima akasema. "Yangu mtoto alikuwa amelala."

Mchungaji akamwashiria kwa kichwa amalizie, kwa sababu ushuhuda una mahali pake pa kumalizia: mtu anasema alikotoka, anasema alipokutana na Mungu, kisha anasema alipo sasa, na hapo pa mwisho huwa ni baraka. Kazi imepatikana, mume amerudi, mtoto amefaulu.

"Na sasa?" Nerima akasema. Akashika kiti kilichokuwa mbele yake kwa mikono yote miwili. "Sasa binti yangu yuko Kiamunyi, anamwita mtu mwingine mama. Hapo ndipo nilipo. Bado naogopa. Bwana asifiwe."